Mikono Isiyo na Alama

Kisangani, 2 Machi 1964

Hamidi ndugu yangu,

Kwanza uzima, ugomvi baadaye. Sisi huku ni wazima. Paa la nyuma linavuja palepale ulipoliacha likivuja. Mwambie mke wako Adèle kwamba kitambaa kimefika, na kwamba binti yenu Nyota, ninayemlea tangu mwaka juzi, ameng'oka jino la mbele na sasa ulimi wake una dirisha la kutokea. Anauliza Papa atapanda meli lini. Namjibu kuwa Papa anachanja watu Basoko, akimaliza atakuja. Naye: "Tantine, watu wa Basoko iko wengi vile?"

Bahasha imeandikwa Stanleyville, jina la Mbelgiji, kwa sababu karani wa posta hataki jina jingine. Ndani ya barua nakaa Kisangani, kama nyanya yetu alivyokaa.

Sasa jambo lenyewe. Gardienne yangu, shule ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, imefungwa tangu katikati ya Januari kwa ajili ya ndui. Sikubisha. Mlango niliufunga kwa mkono wangu siku walipozika mtoto wa tatu huko Mangobo. Lakini hii ni wiki ya saba, na watoto wangu arobaini na watatu wako wapi? Mama zao wanauza sokoni, kwa hiyo wako sokoni, chini ya meza, katikati ya watu wanaokohoa. Wengine wanafungiwa nyumbani na dada wa miaka minane aliyeachishwa masomo ili awe mama. Juma lililopita mmoja ameungua miguu kwa sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo. Tumewatoa kwenye hatari ya shule tukawatupa kwenye hatari ya kila mahali, halafu tunajiita waangalifu.

Nimekwenda ofisi ya afya mara tano. Mara ya tano karani alinijibu huku akimenya karanga: "Madame, sheria iko wazi. Mutoto achanjwe, ndipo aingie shule." Nikamuuliza dawa iko wapi. "Bon, dawa haiko." Basi tufungue lini? "Alors, watoto wakisha kuchanjwa." Mbelgiji alinifungia milango kwa rangi yangu, nikamtukana gazetini. Leo ndugu zangu wananizungusha kwa maneno, na lile gazeti limekufa.

Mimi upande wangu nimejipanga. Mikeka itakaa mbalimbali, watoto wanne tu kwa mkeka. Kila mtoto ana kikombe chake cha bati na msumari wake wa kukitundika, na juu ya kikombe nimepaka rangi alama aliyochagua mwenyewe: samaki, ufunguo, jogoo. Mlango wa kuingilia ni mmoja, na hapo atasimama Berthe, monitrice, mwalimu mwenzangu, atazame ngozi ya kila mtu. Kilichobaki ni dawa.

Wewe unayo. Nitumie ya watoto arobaini na wawili, maana Nyota ulimchanja mwenyewe. Katika watumishi wote wa serikali hii, ni wewe peke yako ninayemtaja bila kuona haya.

Yaya yako, dada yako mkubwa,
Kadidja


Basoko, 19 Machi 1964

Yaya Kadidja,

Barua yako ilinifikia juzi, imelowa pembeni, lakini ugomvi wake ulikuwa mkavu. Nilimsomea Adèle akacheka. Hatujambo. Mto Aruwimi umejaa, samaki wamekuwa adimu, watu wanakula majani. Adèle ana mimba ya miezi mitano. Hatupendi kuisema sana.

Dawa nimeipakia. Ni mirija midogo ya kioo ndani ya kopo, na kopo liko ndani ya sanduku la maranda ya mbao na barafu. Analibeba kapiteni wa meli ya posta mwenyewe. Mtafute Papa Hilaire, yule muuguzi mstaafu aliyenifundisha kazi, awachanje yeye. Ni tone moja kwenye mkono wa kushoto, juu, kisha sindano inakwaruza ngozi bila kutoa damu nyingi. Lisikae juani wala karibu na jiko.

Hapa kazi inaendelea. Mafuta ya taa ya friji yetu yalikuwa shida kidogo mwezi wa pili, sasa yapo.

Utasema barua ni fupi. Nimechoka tu, Yaya. Mwambie Nyota kwamba watu wa Basoko ni wengi kweli.

Mdogo wako,
Abdulhamid


Kisangani, 14 Aprili 1964

Hamidi,

Mimba ya Adèle nimeifurahia kimyakimya, kama mnavyotaka. Sanduku lilifika tarehe tatu. Barafu ilikwisha kuwa maji, lakini kopo lilikuwa bado na ubaridi, au mimi nilitaka liwe na ubaridi. Kesho yake, Jumamosi, Papa Hilaire alikuja na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akawachanja wote arobaini na wawili kabla ya adhuhuri. Ungewaona! Asumani, mwana wa Zaina muuza mikate, yule mwenye alama ya ufunguo kwenye kikombe, aliuma kidole cha mzee. Mzee akamwambia, "Wewe iko na meno ya député wa bunge." Hata Berthe alicheka, na Berthe hacheki bila sababu mbili.

Hilaire alipaswa kurudi siku ya nane kuwakagua, ila amefiwa na kaka yake Ubundu na amekwenda huko. Kwa hiyo nimekagua mwenyewe. Mikono yote ni safi. Hakuna kidonda, hakuna usaha, hakuna hata mtoto mmoja mwenye homa. Mama zao wananipongeza barabarani. Zaina amenipigia kelele kutoka ng'ambo ya njia: "Madame, dawa ya ndugu yako iko na adabu! Iliingia, haikugonga hata mulango!" Nimemtania Nyota kwa lile shimo la chanjo la mkono wake, nikamwambia Papa alimchanja zamani za ujinga, siku hizi dawa haiachi alama.

Ni Berthe tu aliyenuna. Aliniambia, "Madame, mimi nilipochanjwa kwetu Kasongo, mukono ulivimba kama ndizi. Hawa haina kitu." Nikamjibu kwamba yeye alichanjwa na Mbelgiji aliyechanja watu kama ng'ombe, na hawa wamechanjwa kwa dawa ya ndugu yangu. Akaenda kufagia ua. Nilishinda mabishano.

Basi karatasi ya chanjo aliyoiandika Hilaire nimeipeleka ofisini, karani ameigonga mhuri, tunafungua Jumatatu tarehe ishirini, siku mbili kabla ya Idi kubwa. Kama kuna jambo la mikono hiyo ninalopaswa kulijua, najua ungekwisha kuniambia.

Kadidja


Basoko, 24 Aprili 1964

Yaya,

Natumaini Idi yenu ilipita vizuri. Sisi tumeila kwa uji.

Barua yako ya tarehe kumi na nne nimeipata jana. Nimefurahi kwa habari za watoto. Kuhusu kufungua, labda ingefaa kungoja kidogo. Si vibaya kuwa waangalifu. Dawa mara nyingine inachelewa kuonyesha nguvu. Kama hamjafungua bado, sogezeni tarehe mbele kwa majuma machache, mpaka hali itakapojulikana zaidi.

Nyota asitolewe hapo kwako, kaa naye tu. Yeye hana shida.

Abdulhamid


Kisangani, 5 Mei 1964

Hamidi,

Meli ya posta ilichukuliwa na askari kwa siku nne, kwa hiyo maneno yako ya kungoja yamenifikia Jumamosi hii, shule ikiwa wazi tangu majuma mawili. Lakini hata yangefika mapema yasingenifungisha. "Mpaka hali itakapojulikana zaidi." Nani atakayeijua? Kwa njia gani? Hii ni lugha ya karani mla karanga. Umekaa katika serikali mpaka mdomo wako umeota mhuri.

Kama unalo neno, liseme. Kama huna, niache nifanye kazi.

Siku ya kwanza walikuja thelathini na wanane. Walisimama mbele ya misumari wakitafuta vikombe vyao, na hakuna aliyekosea. Asumani alibusu ufunguo wake. Wengine walikuwa wamesahau kukaa. Miezi mitatu chini ya meza za soko imewafanya wawe kama paka. Wimbo wa kunawa mikono tumeuimba mpaka sauti imenikauka. Jumatano tukafunga kwa Idi, wakazunguka nyumba hadi nyumba na nguo mpya, Alhamisi wakarudi na matumbo yanauma. Ilikuwa raha, Hamidi. Nina miaka arobaini na saba, nimechoka na nchi hii mpaka kwenye mifupa, na kwa majuma mawili nilikuwa na raha.

Asumani hajaja tangu Jumatatu. Ana homa na mgongo unamuuma. Zaina anampa kwinini. Msimu huu malaria imezidi.

Mbona uliandika kwamba Nyota hana shida? Ni nani mwenye shida?

Kadidja


Basoko, 17 Mei 1964

Yaya Kadidja,

Leo sina habari za nyumbani. Kama barua hii imekufikia, funga shule kabla hujafika mwisho wake.

Mwezi wa Februari friji yangu ilikaa siku tisa bila mafuta. Mashua ya mafuta haikuja, na mimi sikuandika ripoti, kwa sababu mkuu wangu alikuwa amekwisha kuandika kwamba Basoko haina tatizo. Dawa ile ilikaa kwenye joto siku tisa. Mwanzoni mwa Machi niliwachanja nayo watu ishirini hapa. Hakuna hata mmoja aliyevimba.

Sikiliza, maana hili nilipaswa kukuandikia kwenye barua ya kwanza: chanjo ya ndui iliyo hai inauma. Siku ya nne panatokea kipele, siku ya nane kinakuwa lengelenge lenye usaha, mkono unavimba, mtoto analia, kisha gamba, kisha shimo. Shimo la Nyota ndiyo chanjo. Mkono safi ni mkono ambao haukuchanjwa. Berthe aliona sawa.

Nilijua, Yaya. Nilijidanganya kwamba mirija ya chini kabisa huenda imepona, nikakutumia hiyo. Ulikuwa umeniandikia kwamba ni mimi peke yangu unayemtaja bila kuona haya. Nilikaa na sentensi ile siku mbili, nikashindwa kukuandikia kwamba nina sanduku la maji. Ulipoandika kuwa mikono ni safi nilikaa nje mpaka Adèle akanifuata. Nikaandika ile barua ya karani. Ndiyo, ni ya karani.

Mwanzoni mwa mwezi huu nimepata kwa daktari wa misheni dawa nyingine, ya unga, ambayo joto haliiui upesi. Wale ishirini nimewachanja upya na mikono yao yote imevimba. Nilikusudia kuileta huko kimya, niseme ni ya nyongeza. Halafu ikaja barua yako yenye homa ya Asumani.

Homa na mgongo, Yaya. Hiyo si malaria. Mtengeni.

Nyota hana shida kwa sababu mimi baba yake nilimchanja kwa dawa hai. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kila mara inaonekana mbaya.

Abdulhamid


Kisangani, 1 Juni 1964

Hamidi,

Asumani alifariki tarehe kumi na nne Mei, siku tatu kabla hujaishika kalamu. Wengine wanne wameugua. Binti wa Papa Waziri, fundi baiskeli, atapona ila jicho moja halioni. Shule niliifunga vipele vya Asumani vilipotokea usoni. Sikukungoja.

Nakueleza yaliyopita kwa taratibu yake, kwa sababu sina nguvu ya kuyapamba.

Tarehe ishirini na sita wazazi walikuja uani kwangu, labda thelathini, na watoto mgongoni. Hawakupiga kelele. Ningejua la kufanya na kelele. Papa Waziri akasema, "Madame, tulileta mikono ya watoto. Ukasema imechanjwa. Imechanjwa na nini?" Wakaanza kukunja mikono ya mashati ya watoto, mmoja baada ya mwingine, wananionyesha ngozi nzuri, laini. Na Nyota, aliyekuwa kwenye ngazi, akaona ni mchezo. Akakunja wake. "Mimi niko nayo! Tazameni! Papa alinichanja, mimi niko na shimo!"

Mama mmoja akasema polepole, bila hasira: "Kumbe. Ya kwao waliweka kando."

Unanijua. Tangu nina miaka ishirini sijakosa jibu mbele ya mtu. Siku ile nilimchukua mtoto nikaingia ndani nikafunga mlango, kama mkuu wa ofisi yoyote.

Barua yako ilikuja siku mbili baadaye. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilifikiri kuichoma, nakwambia kweli. Halafu nilifikiri watu wote niliowaandama maisha yangu yote kwa sababu walijua na hawakusema: mapadri, mabwana wakubwa, mawaziri wetu wapya. Sikuweza kuongeza jina langu hapo. Ijumaa baada ya sala niliwaita tena wazazi, nikawasomea barua yako yote, toka siku tisa mpaka "inaonekana mbaya". Kisha nikawasomea yangu ya tarehe kumi na nne Aprili, kwa kuwa ninaweka nakala, pamoja na mahali nilipomnyamazisha Berthe. Nikawaambia: huyu alijua akanyamaza, na mimi nilionywa nikacheka. Sikuomba chochote.

Ndiyo, nimekuvua nguo mbele ya mtaa mzima. Ile sentensi ya kutokuona haya ilikuwa yangu, niliipenda nilivyoiandika, na nilikubebesha bila kukuuliza kama una mabega. Lakini sikuiondoa wakati wa kusoma. Waliisikia pia.

Papa Waziri alitema mate. Zaina hakuwapo. Waliongea wao kwa wao kwa muda mrefu, kisha Waziri akaja: "Hatutaki dawa yake kwa sanduku. Akuje yeye. Asimame hapa, achanje kwa mukono yake, na sisi tumutazame."

Berthe ameongeza moja: safari hii hakuna mtoto atakayevuka mlango kabla gamba halijaanguka lenyewe na yeye Berthe hajaliona shimo. Nimemkubalia. Yeye ndiye msimamizi wa mlango sasa.

Njoo. Kama hakuna meli, panda mtumbwi.

Kadidja


Kisangani, 12 Julai 1964

Hamidi,

Salamu kwa Adèle. Miezi yake imekwisha, natumaini barua hii itapokewa na watu watatu. Nyota amelala na shati lako la zamani tangu ulipoondoka. Paa uliloliziba linavuja kando ya pale ulipoziba.

Uliondoka siku ya nne baada ya kuwachanja, kwa hiyo hukuona. Nakuandikia uliyoyakosa.

Siku ya sita mtaa wetu haukulala. Watoto arobaini na kitu walilia kwa pamoja, ungedhani ni soko la mbuzi. Siku ya nane mikono ilikuwa imevimba na malengelenge yalikuwa meupe, makubwa, ya kuchukiza. Papa Waziri alipita na binti yake wa pili begani, akapunguza mwendo mbele ya mlango wangu. "Imeoza vizuri," akasema, akaendelea. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Mei. Berthe ana daftari la magamba. Mpaka jana yameanguka thelathini na mawili. Jumatatu tarehe ishirini tutafungua kwa hao; wengine wataingia kila mmoja siku yake, si siku yangu.

Sina hakika kama nafungua shule au nafungua mahali pa kungojea. Redio inasema mambo ni shwari, kwa hiyo watu wananunua chumvi. Vita vya waasi vimefika kusini ya Maniema; Berthe hajapata barua ya mama yake wa Kasongo tangu mwezi wa tano. Vijana wa mtaani wananong'ona kwa furaha majina ya watu wasiowajua. Zamani ningekuwa nimekwisha kuandika kurasa kumi juu ya hilo. Sasa nahesabu magamba.

Kikombe cha ufunguo kipo kwenye msumari wake. Nilimuuliza Zaina kama anakitaka nyumbani. Aliendelea kupanga mikate yake.

Wewe unajua alivyokuja siku ile ya kuchanja, wa mwisho, na mtoto mchanga, akamnyoosha mkono na kutazama ukuta mpaka ulipomaliza. Uliniuliza usiku ule kama alisema neno. Nilikwambia hapana, na ilikuwa kweli.

Siku ya nane alikuja. Hakubisha hodi. Alinikuta nachambua mchele, akamfunua mtoto, akauweka ule mkono karibu na uso wangu mpaka nikasikia joto lake. Mtoto alilia, yeye hakumbembeleza.

"Iko inauma," akasema. "Andikia ndugu yako. Mwambie iko inauma."

Basi nimekuandikia.

Kadidja